Bima ya WIBA kwa Karakana Ndogo ya Mombasa: Cheti ni Rahisi, Kazi Iko Kwenye Karatasi

Bima ambayo waajiri wengi wa Mombasa huinunua kwa jina la WIBA, yaani kifupi cha Kiingereza cha sheria ya Kenya ya mafao ya majeraha kazini (Work Injury Benefits Act), ni bidhaa nzuri, na ninaipendekeza kwa kila mwenye karakana, gereji, godauni au hoteli anayewalipa watu mshahara. Nasema hivyo kwa sababu kazi yangu ni kutunza hesabu na karatasi za wafanyakazi katika karakana ya useremala huko Changamwe, ambako msumeno wa umeme huunguruma tangu asubuhi hadi jioni, na ambako bima hii imewahi kutumika kumfidia mtu aliyeumia. Hata hivyo pendekezo langu lina sharti zito. Thamani ya bima hii hutokana na takwimu na fomu ambazo mwajiri mwenyewe huziwasilisha, nyingine kabla ya ajali na nyingine baada yake, na waajiri wengi wanaoilaumu kampuni ya bima kwa kulipa fidia ndogo walijipangia fidia hiyo wenyewe siku walipojaza fomu ya maombi.

Msingi wa bima hii ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo ilianza kutumika mwezi Juni 2008 na kuchukua nafasi ya sheria ya zamani ya fidia za wafanyakazi. Sheria hiyo humbebesha mwajiri jukumu la kumfidia mfanyakazi aliyeumia, aliyepata ulemavu au aliyefariki kutokana na kazi, kisha ikamlazimisha mwajiri huyo akate bima ili fidia isije ikakosekana kwa sababu biashara haina fedha. Asiyekata bima anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi mitatu, au kupewa adhabu zote mbili; lakini kwa maoni yangu faini hiyo ndiyo hasara ndogo, kwa kuwa deni la fidia hubaki palepale, na atakayedaiwa ni mwajiri kutoka mfukoni mwake.

Kinacholipwa na bima hii kinaeleweka vizuri ukikisoma kwa utulivu. Mfanyakazi ambaye hawezi kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi kutokana na ajali ana haki ya kulipwa kwa vipindi kiasi kinacholingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Aliyepata ulemavu wa kudumu hukokotolewa fidia kwa mapato ya miezi 96, yaani miaka minane, na kiasi hicho huzidishwa kwa asilimia ya ulemavu aliopimwa na daktari kwa kufuata jedwali lililomo katika sheria. Aliyefariki, wategemezi wake hulipwa kwa msingi huo huo wa miezi 96, pamoja na gharama za mazishi. Magonjwa yanayotokana na kazi yamo pia, na hata mfanyakazi anayeumia akiwa katika gari ambalo mwajiri amelitoa ili limpeleke kazini au limrudishe nyumbani huhesabiwa kuwa ameumia akiwa kazini, jambo ambalo wenye hoteli za Nyali na Bamburi wanaowarudisha wafanyakazi wao usiku wanapaswa kulijua.

Sasa tufike kwenye karatasi ya kwanza, ambayo ndiyo nzito kuliko zote: orodha ya mishahara inayowasilishwa wakati wa kuomba bima. Kampuni ya bima hukadiria ada kwa kutazama jumla ya mishahara ya mwaka mzima na aina ya kazi, ambapo karani wa ofisini huwekwa kwenye daraja la chini na fundi wa mashine kwenye daraja la juu. Kwa kuwa mshahara mdogo huleta ada ndogo, kishawishi cha kupunguza kinaanza hapo. Nimewaona waajiri, hasa wale wanaotaka cheti kwa ajili ya zabuni, wakiandika mshahara wa msingi tu, wakiacha posho ya nyumba, wakiacha ovataimu, na mara nyingine wakiwaacha baadhi ya wafanyakazi kabisa. Wakala wa bima anayetaka kuuza upesi hatakuzuia. Wa kwetu, ambaye sitamtaja, ndiye aliyetushauri tuandike mshahara wa msingi peke yake, akisema kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Ushauri huo unakwenda kinyume na namna sheria inavyopima mapato. Mapato ya mfanyakazi kwa ajili ya fidia huingiza thamani ya chakula na makazi anayopewa na mwajiri, na huingiza ovataimu na malipo mengine iwapo ni ya kawaida katika kazi yake. Yanayoachwa nje ni kama ovataimu ya kubahatisha na malipo ya gharama maalumu. Tuchukue mfano wa fundi ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 18,000, ana posho ya nyumba ya 3,000, ovataimu ya kila mwezi ya 5,000 na chakula cha mchana ambacho thamani yake kwa mwezi ni 2,000. Mapato yake ni shilingi 28,000. Akipata ulemavu wa kudumu wa asilimia 10, hesabu ya miezi 96 itampa shilingi 268,800. Ukiwa umeiambia kampuni ya bima kwamba analipwa 18,000, hesabu hiyo hiyo inatoa shilingi 172,800. Shilingi 96,000 zilizobaki kati ya hesabu hizi mbili hazikufutika. Fundi anazidai kwa haki, na kampuni ya bima ina sababu ya kusema kwamba haikulipwa ada kwa ajili ya fedha hizo, hivyo mlango anaougonga ni wa mwajiri. Ulemavu ukiwa wa asilimia 60, mtu ambaye alidhani ameokoa fedha kidogo kwenye ada atauza mashine.

Kuna jambo jingine ambalo wenye biashara hawalifikirii mpaka liwakute. Mshahara ule ule tunaouwasilisha kwa kampuni ya bima mara moja kwa mwaka, tunauwasilisha pia kila mwezi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa mamlaka ya kodi, kwa hazina ya NSSF na kwa bima ya afya ya SHIF. Mwajiri anayeandika takwimu moja huku na nyingine kule amejitengenezea ushahidi dhidi yake mwenyewe, kwa sababu ajali ikitokea na mapato yakabishaniwa, karatasi za kila mwezi ndizo zitakazotolewa mezani. Mimi huchapisha orodha moja tu ya mishahara, nikaigawa kwa kila idara inayoihitaji, na sioni sababu ya mtu yeyote kufanya vinginevyo. Mwaka wa bima unapoisha, kampuni huomba tamko la mishahara iliyolipwa kwa hakika ili ada irekebishwe, ama uongeze ama urudishiwe. Tamko hilo hupuuzwa sana, nalo ndilo linalosahihisha makadirio ya mwanzo pale ulipoongeza watu katikati ya mwaka.

Kuhusu vibarua nitasema kwa mkazo, kwa kuwa mji huu unaendeshwa na vibarua kuanzia Shimanzi hadi Miritini. Sheria humtazama mtu aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, mwanagenzi akiwemo, na kijana anayelipwa jioni baada ya kubeba mbao hayuko nje ya ulinzi kwa sababu tu jina lake halimo katika daftari la mwezi. Isitoshe, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo kwa jumla si pungufu ya mwezi mmoja, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mwezi. Kwa hiyo makadirio ya mishahara yanayowasilishwa lazima yawe na fungu la vibarua, likiwa na wastani wa idadi yao na ujira wao. Bima nzuri inakubali fungu hilo bila kudai majina ya kila mtu mapema. Yetu ilikubali, na hili ni jambo ninaloisifu.

Karatasi ya pili ni ile ya ajali. Mfanyakazi akiumia, taarifa yake kwa mwajiri inaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo, na mwajiri anatakiwa kuripoti ajali hiyo kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu alipopata habari. Kifo kikitokea, taarifa inatakiwa ndani ya saa 24. Idara hiyo, ambayo kwa kifupi huitwa DOSHS, ina fomu yake yenye sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Sehemu ya mwajiri inauliza jina na anwani ya mahali pa kazi, shughuli inayofanywa, jina na umri wa aliyeumia, mapato yake ya mwezi, siku na saa ya ajali, na maelezo ya jinsi ilivyotokea. Sehemu ya daktari inaeleza jeraha, muda wa kupumzika, na iwapo kuna ulemavu wa kudumu, basi asilimia yake.

Fundi wetu mmoja alipokatwa na msumeno na kupoteza pingili mbili za kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, fomu hiyo ilitandazwa juu ya meza ya ofisi yetu, vumbi la mbao likiwa bado limeganda kwenye pembe zake. Mwenye karakana, mzee ninayemheshimu sana, alikuwa amekwisha kuandika katika nafasi ya maelezo maneno mawili tu, “uzembe wake.” Nilimwomba tuandike upya kilichotokea: mashine gani ilitumika, fundi alikuwa akipasua mbao ya unene gani, kinga ya msumeno ilikuwa imefungwa au imeondolewa, na nani alikuwa karibu. Neno uzembe halimsaidii mwajiri kama anavyodhani, kwa kuwa sheria humnyima mtu fidia pale tu ajali inaposababishwa na utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo haimnyimi iwapo matokeo ni ulemavu mkubwa au kifo. Kuteleza mkono siyo utovu wa nidhamu wa makusudi. Maelezo kamili, kwa upande mwingine, humwonyesha ofisa wa usalama kwamba mahali pa kazi panasimamiwa na mtu anayejua kinachoendelea.

Kisha yakaja maneno ya wakala. Alimpigia simu mwenye karakana na kumwambia tusipeleke chochote mpaka daktari amalize kujaza sehemu yake, ili karatasi ziende zikiwa zimekamilika. Mzee alinigeukia akaniuliza, “Mwanangu, si tungoje basi, ili mambo yaende kwa pamoja?” Nilimjibu, “Mzee, sehemu ya daktari itafuata kidonda kikipona. Hii yetu inatakiwa ndani ya siku saba.” Tulipeleka taarifa kwa idara, tukapeleka nakala kwa kampuni ya bima moja kwa moja, na tukagongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Nataka kila msomaji mwenye wafanyakazi aelewe jambo hili: daktari hawezi kupima ulemavu wa kudumu kabla jeraha halijatulia, na hilo linaweza kuchukua miezi, ilhali siku saba zinahesabiwa tangu mwajiri alipopata habari. Wakala anayezichanganya tarehe hizo mbili anamweka mteja wake katika kosa la kisheria, na anaipa kampuni ya bima nafasi ya kulalamika kwamba ilichelewa kujulishwa.

Kampuni yenyewe ilifanya kazi yake vizuri, na hapa ndipo sifa zangu nyingi kwake zinapotoka. Baada ya asilimia ya ulemavu kuandikwa na idara kutoa hesabu yake ya fidia, mwajiri au kampuni ya bima hupewa siku 90 za kulipa dai, na Mkurugenzi naye hupewa siku 30 za kumfikishia mfanyakazi fedha hizo baada ya kuzipokea. Kampuni yetu ililipa ndani ya muda wake, haikubishania mapato kwa sababu yalilingana na orodha tuliyokuwa tumeiwasilisha, na ofisa wa madai alijibu barua zetu kwa maandishi. Mishahara ya fundi katika muda aliokuwa nyumbani ililipwa pia. Dai lolote la fidia linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali au kifo, na asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuweka pingamizi, kisha anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inaketi hapa Mombasa pia. Fundi wetu hakuhitaji kufika huko.

Watu bado huniuliza kama mfanyakazi anaweza kuiacha njia hiyo na kwenda moja kwa moja kwa wakili ili amshitaki mwajiri adai fidia mahakamani. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wa Desemba 3, 2019 uliotokana na kesi ya Chama cha Wanasheria cha Kenya dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilikubali kwamba kifungu cha 16 cha sheria ya WIBA, kinachomzuia mfanyakazi kudai fidia ya ajali ya kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo, hakivunji katiba. Kwa mnunuzi wa bima maana yake ni kwamba fomu ya ajali imekuwa na uzito zaidi kuliko zamani, kwa sababu ndiyo inayofungua njia ambayo sheria inaitambua. Kampuni nyingi bado huuza nyongeza ya kumlinda mwajiri dhidi ya mashitaka, na nyingine huuza bima pana zaidi inayomlinda mfanyakazi saa zote 24, hata akiwa nyumbani au njiani kwa shughuli zake. Hiyo ya saa 24 ni nzuri kwa wenye uwezo, lakini nisingemshauri mwenye karakana ndogo ainunue kabla hajahakikisha kwamba mishahara yote imeandikwa kwa ukamilifu katika bima ya lazima.

Kasoro za bidhaa hii zipo, na ya kwanza ni matibabu. Sheria inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya aliyeumia, ilhali mkataba wa bima huweka kikomo cha gharama hizo kwa kila mtu, na kikomo hicho huandikwa katika jedwali la mwisho ambalo wakala hulifungua kwa haraka. Kikiwa kidogo, bili ya hospitali ya binafsi itakimaliza kabla mgonjwa hajatoka wodini. Omba kiongezwe na uulize ada itapanda kwa kiasi gani. Kasoro ya pili ni lugha. Mkataba mzima tuliopewa ni wa Kiingereza cha kisheria, na mafundi ambao ndio wanaolindwa hawakuwa na karatasi hata moja ya Kiswahili ya kuwaeleza haki zao. Niliwaandikia ukurasa mmoja na kuubandika karibu na mlango wa stoo, ukitaja siku saba, miezi 12, na jina la mtu wa kumwarifu. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na wanaouza bima.

Kasoro ya tatu ni kimya cha wauzaji kuhusu karatasi ambazo hazipitii mikononi mwao. Kuwa na cheti cha bima hakumaanishi kwamba umejisajili kama mwajiri kwa Mkurugenzi, jambo ambalo sheria ya WIBA inalitaka, wala hakumaanishi kwamba mahali pako pa kazi pamesajiliwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo ni sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007. Mwajiri anatakiwa pia kutunza kumbukumbu za mapato ya wafanyakazi kwa muda usiopungua miaka sita tangu ingizo la mwisho. Katika kabati letu faili hizo zimepangwa kwa mwaka, na chumvi ya hewa ya pwani imekwisha kula pini zake. Ninawashauri wenzangu watumie kamba na wahifadhi nakala kwenye kompyuta.

Juu ya bei nitasema machache. Ada hutofautiana kwa kampuni na kwa aina ya kazi, na juu yake huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa kufidia wenye bima ya asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Tozo yoyote nyingine uliyoandikiwa, iulizie. Bima haianzi kufanya kazi mpaka ada imepokelewa, hivyo ahadi ya wakala kwamba atakulipia kwanza isikufanye uwashe mashine bila risiti mkononi.

Mwaka huu tumekata bima kwa kampuni ile ile, lakini tumemwacha wakala. Tumempata mwingine, bibi mmoja mwenye ofisi karibu na Barabara ya Moi, ambaye kabla ya kutaja bei aliomba orodha ya mishahara tunayoipeleka NSSF, akaomba wastani wa vibarua wa kila mwezi, akauliza chakula cha mchana kinatolewa na nani, kisha akaomba kuuona msumeno. Ada ni kubwa kuliko ile ambayo ingetokana na kuandika mishahara ya msingi peke yake. Mwenye karakana ameilipa yote, na nakala ya orodha iliyogongwa mhuri nimeitia ndani ya faili ya kila fundi.